Hela Pacha

Kila siku, jogoo wa mjomba wake hajamaliza kelele zake, Mwajuma alikuwa ameshakunja jamvi na kujitwika mtungi. Njia ya mtoni pale Bigwa ilijaa watu saa hizo. Wanawake walishuka kutoka mlimani na matenga ya ndizi vichwani, wakiwahi stesheni ya Morogoro kuwauzia abiria wa gari moshi. Mwajuma aliwaamkia wote, "Shikamooni!" Nao waliitikia, "Marahaba," bila kugeuza shingo, maana tenga la ndizi halikuruhusu. Watu walikuwa tele, lakini hakuna hata mmoja aliyesimama kumuuliza ameamkaje.

Hiyo ilikuwa enzi ya Mjerumani. Reli ilikuwa bado mpya, na watoto waliacha uji ukapoa wakakimbilia kutazama moshi. Mwajuma alikuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili. Alizaliwa juu kabisa, upande wa Matombo, ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Mama yake alipofariki, mjomba wake Kibwana alipanda mlima kwenda kumchukua, kwa sababu kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kibwana hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila alikuwa mchuuzi wa machungwa pale stesheni, alishinda akipiga kelele kuita wateja, na jioni alirudi sauti imemkauka.

Mkewe, Bi Shamsia, yeye sauti haikumkauka kamwe. Lakini maneno yake yote kwa Mwajuma yalikuwa ya kazi. "Mwajuma, kuni! Mwajuma, mbuzi wanakula mihogo! Mwajuma, masikio umeyaacha Matombo?" Mwajuma alimwita Mama, kama alivyoagizwa na mjomba, lakini kila alipolitamka neno hilo lilimkwama kooni.

Angalau angekuwa na Pili, binti yao, ambaye alimzidi kidogo tu kwa umri. Lakini maskini Pili alikuwa amewekwa ndani. Alikuwa mwali, na mwali kwa mila zao alikaa kwenye chumba cha nyuma chenye giza, hatoki, hasemi na watu wazima, hata baba yake hamwoni, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Aliyeingia humo ni kungwi, mwanamke aliyemfunda, na Mwajuma wakati wa kupeleka chakula. Hata Mwajuma alitakiwa aweke sahani na kutoka. Wasichana hao wawili walitazamana tu kwenye giza, basi, kisha mlango unafungwa.

Kitu kimoja tu Mwajuma alikuwa nacho cha kwao. Kilikuwa sarafu ya Mjerumani ya hela kumi, ile nyeupe yenye tundu katikati, aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Mama yake aliipata alipouza pilipili manga sokoni, akaivaa shingoni kwa uzi na hakuitumia tena, kwa sababu ilimchekesha. Taji lililochorwa juu yake lilionekana mawili, moja juu ya jingine, la juu limesogea kidogo pembeni. Herufi zake nazo zilipasuka nchani kama kwato za mbuzi.

"Hebu nitazamie, mwanangu," mama alikuwa akisema. "Ni macho yangu, au hela hii ina kizunguzungu?"

Mwajuma alipokaa peke yake nyuma ya jiko, aliifungua akapitisha kidole juu ya yale mataji mawili, akaisikia tena sauti ya mama yake. Halafu aliifunga haraka kabla hajaitwa.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Kibwana naye alikuwa amepata sarafu kama hiyo kwa abiria mmoja aliyenunua machungwa. Alimwonyesha Mhindi mwenye duka karibu na stesheni, naye akaigeuza chini ya kioo chake cha kukuzia, akaguna. "Hii imekosewa hukohuko Ulaya," alisema. "Wapo Wazungu wanaokusanya hela zilizokosewa, wanazilaza kwenye visanduku vya kitambaa kama vito. Itunze, ni adimu." Kibwana alilibeba neno hilo adimu kutoka dukani. Kufika nyumbani, likawa limeshakua: hela ile haina ya pili duniani! Bi Shamsia akaibatiza jina, hela pacha, kwa ajili ya yale mataji mawili. Bigwa nzima ilikuja kuishangaa. Kisha Bi Shamsia akaishona katikati ya utepe wa shanga na sarafu ambao Pili angeuvaa kichwani siku ya kutolewa.

Mwajuma aliiona kwa mbali, akajua palepale kwamba ile na ya mama yake zinafanana. Alitaka kusema, lakini aliogopa. Aliwaza, je, wakiitaka na yangu? Akaufyata ulimi.

Siku moja mchana, Bi Shamsia aliutoa utepe ili aongeze shanga. Katikati palikuwa patupu! Uzi ulikuwa umekatwa.

"Jamani nimeibiwa!" alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Hela pacha! Hela ya mwanangu!"

Majirani walijaa uwanjani mara moja. Mwajuma alitoka jikoni na upawa mkononi. Bi Shamsia alimtazama kuanzia juu mpaka chini, na macho yake yakatua kwenye pindo la kanga. Fundo lilionekana.

"Kuna nini humo?"

"Mama, hiki ni changu..."

"Fungua!"

Fundo liligoma, mwishowe likafunguka. Sarafu ilianguka vumbini. Jirani mmoja aliiokota, akaigeuza, akasema, "Lo! Si hii hapa? Mataji mawili!" Uwanja mzima ukavuma. Mtu mmoja akasema mwizi, na wa pili akaongeza kwamba watoto wa milimani ndivyo walivyo, utadhani aliwahi kufika huko.

"Ni ya mama yangu," Mwajuma alisema. "Alikuwa akiivaa." Lakini nani alimsikia? Kila mtu alijua kwamba hela pacha ilikuwa moja tu.

Kibwana aliporudi alielezwa yote hata kabla hajatua kikapu. Alimchukua Mwajuma pembeni, akachuchumaa mbele yake. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Mwajuma zaidi.

"Mwanangu," alisema polepole, "sema tu kwamba uliichukua. Mwombe Mama yako radhi, yaishe. Hakuna atakayekugusa. Kesho utacheka na wenzako kama kawaida."

Jamani, neno hilo lilikuwa tamu! Neno moja tu la uongo, na watu wangemtazama tena kwa wema. Mwajuma alifungua mdomo. Akamkumbuka mama yake akicheka na ile hela ya kizunguzungu shingoni. Je, aseme kwamba haikuwa yake?

"Sikuichukua, Mjomba."

Kibwana alipumua kwa nguvu. "Basi itakaa kwangu. Kabla ya ngoma itashonwa mahali pake. Ukiukumbuka ukweli, mimi nipo."

Tangu hapo upweke wa Mwajuma ulibadilika. Zamani watu hawakumwona. Sasa walimwona, wakahama. Alipofika mtoni, wasichana waliisogeza mitungi yao. Alipokohoa, walinyamaza. Jikoni Bi Shamsia alimpa kazi kwa kunyoosha kidole, hata jina lake hakulitaja tena, na Mwajuma alishangaa kuona kwamba alikuwa anazikosa zile kelele. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kanga na kukuta kitambaa kitupu. Alilia sana siku hizo, kwa siri, na moshi wa kuni ulimpa kisingizio.

Jambo moja lilikuwa la ajabu. Sahani ya Pili ilirudi na chakula chake chote. Bi Shamsia alidhani Mwajuma anaharibu mboga makusudi. Mwajuma mwenyewe alipoingia na sahani, Pili aligeukia ukutani, hata macho yake hakumpa tena. Hata Pili, aliwaza Mwajuma. Hata yeye.

Siku mbili kabla ya ngoma, alipokuwa akirudi mtoni, alipita mahali walipokuwa wakifyatua matofali ya misheni. Mfyatuaji aliitwa Severini, mtu wa Matombo. Alipomwona, alimsalimia kwa Kiluguru cha kwao, kile cha milimani, chenye kupanda na kushuka. Mwajuma alikuwa hajaisikia lafudhi hiyo tangu aache nyumba ya mama yake. Alitua mtungi, akaangua kilio.

"Heee! Salamu tu imekuliza?" Severini alisema, akafuta matope mikononi. "Kaa hapa, niambie."

Akamweleza yote. Severini alitikisa kichwa. "Mwanangu, mimi nakuamini. Lakini watu wameshasema. Labda uombe radhi tu, upumzike."

Hata yeye! Mwajuma aliinamisha kichwa. Mbele yake matofali mabichi yalikuwa yamepangwa juani. Kila moja lilikuwa na msalaba mdogo uliotuna, alama ya Severini ya kutofautisha matofali yake na ya wenzake. Alitazama msalaba wa kwanza. Akatazama wa pili. Akainama zaidi, akasahau kulia.

"Baba Severini, mbona misalaba yako imerudiwa?"

Severini alicheka kwa aibu. "Umeniona! Nilipokuwa nachonga alama ndani ya kalibu, kisanduku hiki cha kufyatulia, patasi iliteleza. Nikachonga tena pembeni yake. Sasa kila tofali litokalo humo linanisuta."

"Kila tofali?"

"Kila moja. Kosa liko kwenye kalibu, tofali litaponea wapi?"

Mwajuma alikwenda kwenye tofali lililokuwa pembeni. "Na hili? Nalo limerudiwa, lakini halifanani na mengine."

"Aa, hilo! Kalibu ilinicheza nilipokuwa nainyanyua. Ni mkosi wa hilo tofali peke yake."

Mwajuma alipitisha kidole. Kwenye tofali lililovutwa, mstari wa pili ulikuwa bapa, umeburutwa kama tope lililokanyagwa. Kwenye mengine yote, mistari yote miwili ilikuwa imetuna sawasawa, na nchani palikuwa na mpasuko mdogo katikati. Kidole chake kiliujua mpasuko huo! Zilikuwa zilezile kwato za mbuzi.

"Baba, hela nazo hufyatuliwa?"

"Mimi mtu wa udongo, mambo ya chuma siyajui," alisema Severini. "Lakini yule anayezitengeneza hawezi kuchora taji kwa mkono kwenye kila hela. Atazeeka! Lazima ana mhuri wa kugongea."

"Basi nipe matofali yaliyovunjika. Tafadhali, Baba. Mawili yaliyo sawa, na hili lililovutwa."

Jioni Kibwana alikuwa kibarazani akimenya chungwa, na Bi Shamsia alikuwa na utepe mapajani, sindano tayari mdomoni. Ile hela ilikuwa mkekani, ikingoja kushonwa. Majirani wawili walikuwa wamekuja kusaidia shanga. Mwajuma aliingia uwanjani na tenga kichwani, shingo imezama kwa uzito.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ni nini tena hicho?" Kibwana aliuliza.

"Matofali," alisema Bi Shamsia. "Nyumba yetu haimtoshi, anataka kutujengea nyingine." Majirani wakacheka.

Mwajuma alijikaza. Alivipanga vipande kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya mjomba wake. Alieleza habari za patasi iliyoteleza. Alimwomba mjomba apitishe ukucha kwenye msalaba ulioburutwa, kisha kwenye ile mingine miwili, kisha kwenye taji la hela. Kibwana alifanya hivyo kumridhisha tu. Akarudia. Mara ya tatu aliliweka chungwa chini kabisa.

"Shamsia, hebu shika hapa. Huu umebapa. Huu umetuna. Na hela nayo imetuna, yote mawili."

"Na ndiyo iweje?"

"Ingekuwa imebapa, Mama," alisema Mwajuma, "ungekuwa mkosi wa hela hiyo moja. Lakini imetuna. Kosa lilikuwa kwenye mhuri wenyewe, na mhuri ule haukugonga hela moja ukatupwa. Ziko nyingine, hatujui ngapi, zina mataji hayahaya. Moja aliipata Mjomba. Moja aliipata mama yangu."

"Maneno matupu!" Bi Shamsia alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Mbona hatujawahi kuiona nyingine?"

Mwajuma aliinua macho. "Mama, si wewe uliyeiita pacha? Sasa ni pacha gani huyo aliyezaliwa peke yake?"

Jirani aliyekuwa akitunga shanga aliacha. Ndipo kutoka chumba cha nyuma, nyuma ya ukuta wa udongo, ikasikika sauti ambayo haikutakiwa kusikika.

"Baba."

Bi Shamsia aliruka. Mwali anasema! Mwali anamwita baba yake, mbele za watu!

"Baba, yenu iko huku," sauti ya Pili ilisema, na ilikuwa na kilio ndani yake. "Niliikata mimi, kwa meno, kungwi alipoleta utepe kunipima akatoka kidogo. Nilitaka kuitazama tu kwenye ufa wa ukuta, penye mwanga. Ikaniponyoka, ikaingia nyuma ya kitanda. Nilimsikia Mwajuma akiitwa mwizi. Nikanyamaza, Baba. Kila siku analeta chakula, nami nashindwa kukila."

Hakuna aliyekuwa amewaza kupekua chumba cha mwali. Ni mwiko, na mwali haulizwi kitu. Bi Shamsia aliingia ndani mbio. Walimsikia akikisogeza kitanda. Alitoka na vumbi puani, mkono wake umefumbwa, akaufumbua juu ya mkeka.

Hela mbili zililala bega kwa bega. Mataji yale yale yalikuwa yamesogea upande ule ule. Herufi zile zile zilikuwa zimepasuka. Tofauti, ambayo hakuna aliyejali kuitazama, ni kwamba moja ilikuwa bado kali pembeni, na nyingine ilikuwa laini kila mahali, tundu lake limelika kwa uzi uliokaa shingoni mwa mtu miaka kadhaa.

Kibwana aliichukua iliyo laini, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa anamkumbuka dada yake, ambaye tangu reli ije hakupanda mlima kumtembelea hata mara moja, na machozi yalimtoka waziwazi, hakuyaficha. Kisha akawaambia majirani wale wawili, "Nendeni mkawaite wengine. Jina la mwizi lilitolewa hapa uwanjani, na litaondolewa hapahapa."

Walipokusanyika, alimsimamisha Mwajuma mbele yake, mikono mabegani.

"Mtoto huyu hakuiba," alisema. "Hela hizi ni mbili, mtazame wenyewe. Mimi niliambiwa adimu, nikasikia moja tu, nikawatangazia. Halafu nikafanya baya zaidi. Nilimwomba aseme uongo ili nyumba itulie. Mimi, mjomba wake! Alikataa, akabaki peke yake mchana kutwa na usiku kucha, na sote tukamwacha." Akageukia ukuta wa nyuma. "Na wewe, Pili, unanisikia. Hukusema neno la uongo, lakini kimya chako kilimchoma mwenzako kama uongo. Umekivunja, nami nashukuru, ila ulichelewa. Watoto mliopo hapa, mtu akiambiwa mwizi, msiokote maneno. Shikeni kitu mkononi, mkitazame mpaka mkijue. Na mkijua ukweli, mseme siku hiyohiyo, hata ukiwa mchungu."

Majirani waliomba radhi mmoja mmoja. Yule wa watoto wa milimani alijificha nyuma ya mwenzake, lakini Kibwana alimwita kwa jina, naye akaja.

Bi Shamsia aliingia ndani, akatoka na uzi mwekundu, ule mzuri aliouweka kwa ajili ya utepe wa Pili. Aliutia kwenye tundu la hela iliyo laini, akamfunga Mwajuma shingoni. Vidole vyake vilichelewa kwenye fundo.

"Nimekukosea," alisema chini chini. "Nilikuona kwa jicho baya tangu ulipofika, wala hukunifanyia kitu. Nisamehe."

Mwajuma alitikisa kichwa kukubali. Giza lilikuwa linaingia. Alichukua upawa arudi jikoni kama kawaida yake, kula peke yake karibu na mafiga.

"Mwajuma!"

Alisimama, akingoja kuambiwa kuni.

"Chukua sinia, upakue chakula cha watu wawili. Nimeshasema na kungwi. Utakula na Pili, humohumo ndani, mpaka siku ya ngoma."

"Ndiyo, Mama," alisema Mwajuma, na neno hilo likatoka bila kukwama.